Kizuri chajiuza, mbona simu yangu hailii?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mhasibu, nina CPA, umri wangu miaka 37, nina mume na watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye kampuni ya kuagiza mizigo hadi ilipopunguza watu. Badala ya kuzunguka na bahasha kuomba kazi, nikaamua kujiajiri. Nimepanga chumba kidogo ghorofa ya tatu Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, nina meza, printa na feni. Nawatunzia vitabu wafanyabiashara, nawaandalia ritani za kodi, na wakiitwa na mamlaka ya mapato, TRA, nakwenda nao. Nimesajiliwa TRA kama mshauri wa kodi, na NBAA, bodi yetu ya wahasibu, nalipa ada yangu kila mwaka.

Kazi naiweza. Wateja wote nilionao wameletwa na mteja mwenzao, hakuna hata mmoja niliyemfuata. Mwanzoni walikuja vizuri, sasa wamekauka. Mwezi uliopita kodi ya chumba nimeichomoa kwenye ada ya shule ya mtoto, na baba yake hajui.

Kinachoniumiza zaidi ni huyu kijana wa ghorofa ya chini yangu. Hana CPA, hana usajili wowote, ni kishoka tu. Mtandaoni anajiita daktari wa kodi na ana wafuasi zaidi ya elfu arobaini. Anaposti picha kasimama mbele ya gari, mkononi mafaili, anaandika: "Deni la kodi linakunyima usingizi? Njoo inboksi tulifute." Watu wanajaa mlangoni kwake. Wakishaumizwa ndiyo wanapanda ngazi kuja kwangu, adhabu na riba zimeshapanda, na hela ya kunilipa hawana tena.

Mpwa wangu anasoma chuo, ndiye anayenisaidia mambo ya mtandao. Amenifungulia Instagram na TikTok, akaziita Malkia wa Kodi TZ. Juzi ameniletea bango limeandikwa TUNAPUNGUZA KODI YAKO NUSU KWA NUSU, chini yake kaweka picha ya hati ya TRA ya makadirio ya kodi ya mteja wangu mmoja ambaye kweli alipunguziwa baada ya mimi kumwekea pingamizi. Jina kalifuta, TIN, yaani namba yake ya mlipakodi, inasomeka. Nimemzuia kwanza. Anasema pia ninunue wafuasi elfu kumi ili akaunti isionekane tupu, halafu nikodi gari siku moja tukapige picha Masaki.

Mama yangu mzazi yuko Tanga. Nikimweleza haya ananijibu kwa kifupi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mume wangu hana neno na kazi yangu, ila hataki sura ya mke wake izagae mtandaoni, anasema watu watachukua picha wazifanyie wanayoyajua wao. Na mimi mwenyewe naona haya. Nikishika simu nijirekodi najiona kama wale wanaotafuta kiki.

Halafu kuna hili: nikianza kutoa elimu ya kodi bure, nani atakuja kunilipa?

Nianzie wapi, Mama?

Mhasibu wa Msimbazi

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mwezi mgumu.

Lile bango lisitoke. Naanza nalo kwa sababu vijana wana vidole vyepesi, na kitu kikishatoka kwenye simu hakirudi. Hati ya makadirio ni siri ya mteja hata ukifuta jina. TIN inamtambulisha kama jina linavyomtambulisha, na hata ungeifuta nayo, Kariakoo watu wanajuana: kiasi, tarehe na aina ya biashara vinamtosha mwenye duka la pili kusema "huyu si fulani?" Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Na hata isingekuwepo, maadili ya uhasibu uliyoyafanyia mtihani yanakutaka utunze siri ya mteja na yanakukataza kujitangazia uwezo usiokuwa nao. Hiyo "nusu kwa nusu" ni uwezo usiokuwa nao. Mteja yule alipunguziwa kwa sababu makadirio yake yalikuwa na kasoro na wewe ukaionyesha. Mwingine atakuja makadirio yake yako sawa kabisa, utampunguzia nini? Usisahau pia kwamba maofisa wa TRA nao wana simu, nao usiku wanaperuzi kama sisi.

Lakini ndani ya bango hilohilo kuna mali ambayo mpwa wako hakuiona. Mteja yule alishinda kwa sababu aliwahi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inampa mlipakodi siku 30 tangu hati ya makadirio imfikie aweke pingamizi, na ili pingamizi lipokelewe inamtaka alipe kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Wewe unalijua hilo usingizini. Mwenye duka la mabegi halijui. Anaipokea hati, anaitia kwenye droo, anamuuliza shemeji yake, anakwenda kwa kishoka, kishoka anamwambia "tulia, naongea na watu." Siku 30 zinaishia ghorofa ya chini. Ndiyo maana wakifika kwako hakuna la kufanya.

Hiyo ndiyo posti yako ya kwanza, wala haihitaji karatasi ya mtu. Chukua karatasi nyeupe, andika kwa kalamu ya maka: "Umepokea hati ya makadirio? Andika juu yake tarehe iliyokufikia. Una siku 30." Ipige picha juu ya meza yako, mwanga wa dirishani unatosha. Chini eleza kwa sentensi chache pingamizi ni nini, linapelekwa wapi, na ile theluthi inahesabiwaje kwa mfano wa namba za kubuni. Malizia na jina lako. Usiweke muziki.

Sasa tuje kwa mama yako wa Tanga, maana naona ndiye anayekushika mkono kuliko hata haya zako. Methali yake ni ya kweli, tena mimi huitumia. Ila ilitungwa kwa mahali ambapo watu wanaonana. Mtaani kwake, mpishi mzuri wa harusi hahitaji kibao. Watu walikula kwake wiki iliyopita. Wewe uko kwenye mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 5.3, na uko ghorofa ya tatu. Shati zuri likiwa katikati ya belo la mitumba pale soko la Karume halijiuzi, na akija mtu akalitoa akalitundika, hakuna anayesema shati limejitembeza. Unachotakiwa kufanya ni kutundika. Anayejitembeza ni yule mwenye gari la kukodi.

Haya mambo ya kujibrandi yalituvumia kutoka Marekani. Mshauri mmoja wa biashara, Tom Peters, aliandika katika jarida la Fast Company mwaka 1997 akiwaambia watu kwamba kila mmoja wao ni mkurugenzi wa kampuni iitwayo Mimi. Kwa mtu wa huko anayehamahama ofisi huenda ilikuwa dawa. Kariakoo, mtu akianza Mimi, Mimi, Mimi, watu wanashika pochi zao. Kwa hiyo haya unazoziona, mwanangu, si ugonjwa wa kutibiwa. Zitumie zikuchagulie cha kuposti: kama kitu kinakuhusu wewe tu, kiache, kama kinamhusu mwenye duka, kitundike.

Niseme na jambo ambalo nadhani ndilo limekaushia wateja wako. Umesema wote waliletwa na wenzao. Wanaoletwa bado wapo, ila siku hizi mtu akipewa namba yako hapigi kwanza, anakuchungulia. Chukua mama mwenye duka la vipodozi Mtaa wa Aggrey. Jirani kamwambia kuna dada yuko Msimbazi, kwenye hesabu ni fundi kwelikweli. Anaisevu namba, anafungua WhatsApp aone ni nani, anakuta picha ya ua na maneno "Mungu ni mwema". Anakutafuta Instagram kwa jina aliloambiwa, halipo. Anaambiwa ni Malkia wa Kodi TZ, anaingia, posti mbili tatu, mojawapo keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto. Hajakukataa, ila ameahirisha. Kesho yake anapita mlangoni kwa yule mwenye wafuasi elfu arobaini, anaona watu wamejaa. Akaunti yako sijaiona, lakini za namna hiyo nimeziona nyingi mno, tena za watu wenye ujuzi.

Kwa hiyo kabla ya kuwatafuta wageni, mtengenezee mahali pa kufikia huyu ambaye ameshaletwa. Laini ya kazi iwe mbali na ya familia, na juu yake weka WhatsApp Business, ni ya bure. Humo kuna sehemu ya saa za kazi, mahali ulipo, maelezo ya kazi na majibu ya haraka uliyoyaandika mapema. Jina liwe lako, kama lilivyo kwenye cheti chako cha NBAA. Maelezo yawe mafupi: mhasibu mwenye CPA, mshauri wa kodi aliyesajiliwa TRA, natunza vitabu vya wenye maduka na kuwaandalia ritani. Mahali paelezwe kama watu wa Kariakoo wanavyoelekezana wenyewe: juu ya duka gani, mkabala na nini, ngazi ziko upande upi. Jiweke pia kwenye ramani ya Google, nako ni bure, ili mtu akiandika "mhasibu Kariakoo" akuone. Kila ukimaliza kazi na mteja akafurahi, mwombe akuandikie pale maoni yake kwa maneno yake mwenyewe. Usimwandikie, na usimruhusu mpwa wako aandike kwa majina ya kubuni. Maoni ya uongo yananukia yote harufu moja.

Malkia wa Kodi TZ lifute. Ukitumia majina yako kamili hulazimiki kusajili jina la biashara. Ukiongeza chochote, au ukijiita malkia, BRELA, wakala wa kusajili majina ya biashara, inakuhusu, na bodi yako nayo ina lake la kusema kuhusu majina ya ofisi za uhasibu, kwa hiyo waulize kabla hujachapisha kibao. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Jirani anapomtaja mtu, anataja jina la mtu. Hakuna atakayesema "nenda kwa Malkia wa Kodi TZ" bila kucheka.

Na bei iweke. Hii "bei njoo inboksi" imetuharibia mji. Mfanyabiashara anaogopa mambo mawili kwa mhasibu: kuumbuliwa kwamba vitabu vyake vimevurugika, na kutajiwa bei kwa kuangaliwa viatu. Andika "kutunza vitabu vya duka dogo, kuanzia kiasi fulani kwa mwezi, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) pekee, kiasi fulani, kuweka pingamizi, tunakubaliana baada ya kuona hati." Wenye haraka ya kubishana watapungua, na watakaopiga watakuwa wameshajua.

Cha kuposti usikitafute kwa wale wanaouza kozi za "siri za kukua mtandaoni". Unacho tayari kwenye simu yako. Fungua meseji za wateja wako za mwaka mzima, utakuta maswali yaleyale yanajirudia. Swali moja, jibu moja, bila kumtaja aliyeuliza. Kwa mfano hili, ambalo nina hakika limekufikia zaidi ya mara moja:

"Nimefunga duka miezi mitatu kwa sababu ya mgonjwa. Je, ritani ya VAT bado inanihusu?"

Jibu lako: "Ndiyo. Ukishasajiliwa VAT, ritani inapelekwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hukuuza hata soksi. Hukuuza, unapeleka sifuri. Usipopeleka unapigwa adhabu kwa biashara ambayo haikuwepo."

Umeona? Sentensi chache, na aliyefunga duka ataituma kwa wenzake watatu kwenye grupu. Hilo neno la mwisho, kutuma kwa wenzake, ndilo linaloleta kazi kuliko laiki. Ukipenda, soma jibu hilo kwa sauti, sekunde arobaini, huku kamera inaangalia karatasi na mkono wako. Wafanyabiashara wengi wanasikiliza huku wanahudumia wateja, sauti inawafaa kuliko maandishi marefu.

Kalenda nayo serikali imeshakutengenezea. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20, awamu za kodi ya mapato kwa wanaofuata mwaka wa kawaida mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, ritani ya mwisho ya mwaka 30 Juni. Posti siku tatu nne kabla, wakati mtu bado anaweza kufanya kitu. Kisha Juni bajeti inasomwa Dodoma na Sheria ya Fedha inaanza 1 Julai, na hapo mji mzima unazungumza kodi bila kujua kilichobadilika. Isome wewe, nzima, usingoje muhtasari wa mitandaoni, uwaambie wenye maduka mambo mawili tu yanayowagusa. Mei 2023 wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango wakilalamikia kodi na namna zinavyokusanywa, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Watu wenye kiu ya maelezo kiasi hicho, tena wako chini ya dirisha lako, na anayewaelezea ni daktari wa kodi.

Wapi uweke? WhatsApp Status kwanza, kwa sababu wateja wako wanaishi humo. Kumbuka tu kwamba Status inaonwa na mtu mliyeseviana namba, kwa hiyo kila mteja mwambie mbele yako aisevu namba yako ya kazi. Inafutika baada ya saa 24, basi yale mazuri yaweke pia Instagram ili anayekuchungulia ayakute. LinkedIn ni ya siku utakapotaka kampuni na mashirika. TikTok mwachie mpwa wako ajaribu sauti zako zilezile, ikikubali, sawa. Ila orodha ya wateja na namba zao iandike kwenye daftari au kompyuta yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, na Mei 2025 X ikaacha kufunguka hapa nchini bila VPN. Waliokuwa na wateja wao wote huko ndani wanajua walivyohangaika.

Unaogopa kutoa bure. Mwanangu, kanuni zenyewe TRA wanazitoa bure, hata TIN hutolewa bure. Unachouza ni macho yako juu ya vitabu vya mtu. Kwa hiyo elimu ya jumla mwaga, na anayeuliza la kwake mwandalie jibu la haraka kwenye WhatsApp, la upole lakini lenye bei: "Asante kwa kuniamini. Ili nisikudanganye nahitaji kuona hati zako. Kikao cha kwanza ni nusu saa, ada yake ni hii, karibu ofisini." Atakayenuna angekusumbua hata akilipa. Kwa mjane au mama wa genge utajua mwenyewe, hilo si la kutangaza.

Kishoka usimtaje, wala kwa mafumbo. Kwanza maadili yako yanakukataza kuponda kazi za wengine bila ushahidi, pili utampa kiki anayoitafuta. Wafundishe watu kuuliza: mwombe mshauri wako namba yake ya usajili NBAA, mwulize kama yumo kwenye orodha ya washauri wa kodi waliosajiliwa TRA, usimpe mtu fedha ya kodi mkononi, lipa mwenyewe kwa namba ya malipo ya serikali uone risiti. Ukiyasema hayo kila baada ya muda, wateja wake wataanza kumuuliza wenyewe, na wewe hujamgusa.

Wafuasi wa kununua hakuna hata mmoja atakayepanda ngazi zako. Gari la Masaki ndiyo kabisa usilikaribie. Mfanyabiashara akimwona mhasibu wake ameegemea gari la kifahari, swali linalomjia ni hela ya nani.

Haya yote yanachukua miezi, na kodi ya chumba haingoji. Kwa hiyo wiki hii piga simu kwa wateja ulionao, mmoja mmoja, si ujumbe wa jumla. Wasalimie, waulize vitabu vinaendaje, kisha waombe kwa mdomo wako wakuunganishe na mtu mmoja mwenye shida ya hesabu. Watu wengi hawajatuletea wateja kwa sababu wanadhani tumejaa. Nenda pia kwa viongozi wa wafanyabiashara wa mtaa wako, uwaambie uko tayari kuja kueleza hiyo habari ya siku 30 kwenye kikao chao, saa moja, bila malipo. Na kila mteja mpya anayeingia mwulize amekupata wapi, uandike. Ukijumlisha mwisho wa robo mwaka utajua kama simu inakulipa au inakula bando tu, na utaacha kile kisicholeta mtu. Ile ada ya shule nayo mwambie baba watoto kabla shule haijamwambia.

Mpwa wako usimfukuze. Ana mikono ya kazi, alikosa tu mtu wa kumpa mipaka. Yeye apige picha, akate video, apange tarehe. Wewe uandike maneno, na kisitoke kitu hujakisoma. Mwandikie hilo kwenye karatasi, na mlipe chochote, hata nauli.

Mwisho ni mumeo. Hofu yake ina msingi, siku hizi picha ya mtu inatengenezwa ikasema maneno ambayo hakuyasema. Kwa kazi ya kila siku sura haihitajiki. Sauti, mkono na karatasi vinatosha, na watoto wasionekane popote. Lakini mtu anayekuja kukufungulia siri za fedha zake anataka kujua anamfungulia nani, kwa hiyo picha moja inahitajika. Mwite mwenyewe aje ofisini siku ya Jumamosi akupige, umevaa kama unavyovaa ukienda TRA na mteja, mafaili nyuma yako yakiwa yamefungwa ili majina yasisomeke. Achague yeye ipi itumike, na iwe hiyohiyo WhatsApp, Instagram na kwenye ramani. Akikataa kabisa usigombane naye, weka picha ya mlango wa ofisi yako wenye kibao cha jina na namba ya usajili. Na kama hicho kibao hakipo mlangoni mpaka leo, basi anza na fundi wa kibao.